Barabara Niliyoiona Nyuma ya Bafta

Wako wanaoogopa nyoka, wako wanaoogopa bahari. Mimi naogopa shuka jeupe lililolowa, jua likiwa nyuma yake. Wajukuu wangu wanalijua hilo na wananicheka waziwazi, wala sijali. Wakifua mashuka huyaanika kwenye uga wa jirani, na mimi nakaa zangu kivulini nikishona kofia. Hawajapata kuniuliza sababu. Leo nitaisema bila kuulizwa, maana waliohusika wote wamekwisha kwenda mbele ya haki, isipokuwa mmoja ambaye habari zake sinazo.

Huyo mmoja ni mume wangu wa kwanza. Alikuwa mchochea makaa melini. Alinioa miaka ile Mwingereza alipokuwa amekwisha kukaa sawasawa Dar es Salaam, akanitoa kwa mjomba wangu Buguruni akanileta Kariakoo, nyumbani kwa mama yake. Ilikuwa nyumba ya udongo, paa la madebe yaliyopasuliwa, ujia katikati na vyumba huku na huku. Chumba cha mbele kilikuwa chetu, kinachotazamana nacho kilikuwa cha mama mkwe, na vya nyuma vilipangishwa. Mume akiwa safarini mimi nilishona kofia, na mama mkwe alitafuna tambuu na kunikosoa mishono.

Mguu wa kulia wa mume wangu uliungua kazini. Kaa la moto lilimwangukia kwenye kifundo, na mama yake ndiye aliyeuuguza muda mrefu kwa mafuta ya nazi na majani, ukapona umepinda. Toka hapo akawa anachechemea. Akichoka alikuwa na namna yake ya kupumzika: husimama kwa mguu wa kushoto peke yake, akaweka wayo wa ule mguu mbovu juu ya goti la mguu mzima, akakaa hivyo hata akamaliza kikombe cha kahawa bila kuyumba. Mimi nilimwita korongo. Naye hunijibu kwamba korongo angalau hana mke mwenye mdomo.

Alipanda meli tena, na safari hiyo hakurudi. Mwanzoni zilikuja salamu kwa midomo ya mabaharia, baadaye hazikuja. Ikapita miaka. Kisha siku moja akaja mwenzake wa melini, akaketi barazani pasipo kunitazama usoni, akatuambia mama mkwe na mimi aliyoyajua.

Mume wangu alishuka katika bandari moja ya Amerika na hakurudi chomboni. Alifuatana na watu wa kazi wakaenda ndani, magharibi ya mbali, kwenye jimbo lililojaa milima mitupu. Huko serikali yao ilikuwa ikichimba barabara kuu ya motokaa, itoke mwanzo wa jimbo mpaka mwisho wake, ipite kwenye miamba na juu ya mabonde. Mshahara ulikuwa mzuri. Lakini milima ile huangukiwa na barafu kama sisi tunavyoangukiwa na mvua, na barabara ikiwa bado inachimbwa, barafu iliporomoka kutoka juu ikawafunika watu wa kazi. Waliokuwa chini hawakutolewa.

"Uliona kwa macho yako?" mama mkwe akamwuliza.

"Sikuona, mama. Nilikuwa melini. Nimeambiwa bandarini na mtu aliyekuwapo."

"Basi hujui kitu," akasema mama mkwe, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa mbichi bado, sina mtoto, na sikuwa mke wala mjane. Mjomba wangu alikuwa amepata mtu wa kunioa, fundi wa motokaa wa mtaa wa Gerezani aliyefiwa na mkewe, mtu mpole. Tukaenda kwa kadhi. Kadhi akasema maneno ya mtu ambaye hakuona hayatoshi. Lakini mama mzazi na mke wakija mbele yake wote wawili, wakasema wameridhika kwamba mtu wao amekufa, atalitazama jambo hilo, nami nikae eda kisha niwe huru. Mmoja wetu akikataa, basi ningebaki mke wa mtu asiye na kivuli mpaka nywele zigeuke mvi. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa nimechoka. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na sioni sababu ya kuona haya.

Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alisema mwanawe hawezi kufa kwa maneno ya baharia. Mjomba alimjia mara kwa mara, akimbembeleza, naye humpa kahawa na kumwacha azungumze mpaka aishiwe.

Mambo yalikuwa yamekwama hivyo pale sinema ilipokuja mtaa wa Mchafukoge. Tajiri mmoja wa Kihindi, muuza nguo, alipata mashine ya picha akaiweka ndani ya ghala lake. Milango hufungwa alasiri, ndani kukawa giza. Wanaume waliketi mbele ya nguo kwenye mabenchi. Sisi wanawake tulikuwa na mlango wetu wa uchochoroni, tukaketi mikekani nyuma ya nguo, ili mtu asitutazame. Nguo yenyewe ilikuwa bafta, ile ile tunayowakatia maiti sanda, na kabla ya kuanza iliroweshwa kwa maji ili mwanga upenye na sisi wa nyuma tupate kuona. Najua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa kuunganisha vipande vyake. Nilishona mishono miwili mirefu kutoka juu hadi chini, na ujira wangu mmojawapo ulikuwa kuingia bure, mimi na mwenzangu. Kariakoo wakazua kwamba tajiri akimaliza kuonyesha picha atakata bafta ile aiuze, na kuna mtu atazikwa amevaa Amerika. Tulicheka sana. Sidhani ningecheka leo.

Mwenzangu niliyekwenda naye ni mama mkwe. Alisema anakwenda kuona kama mishono yangu imenyooka.

Picha ya kwanza haikuwa ya kuchekesha kama tulivyoahidiwa. Yalipita maandishi, yakienda kutoka kulia kwenda kushoto kama ya chuoni kwetu tulikosoma Kurani, hata mama mmoja aliyehitimu chuo hicho akajaribu kuyasoma, akashindwa, akasema labda ni Kituruki. Kisha ikaja barabara.

Mfasiri alikuwa upande wa wanaume, sauti yake ikitufikia kupitia nguo iliyolowa. Alisema hii ni Amerika, magharibi, jimbo la milima. Hii ndiyo barabara yao kuu mpya, imekwisha kujengwa yote, na motokaa itatupitisha mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo akanyamaza, kwa sababu hapakuwa na la kufasiri.

Sijui niiseme vipi barabara ile. Mwenye mashine ya kupigia picha alikaa mbele ya motokaa, kwa hiyo motokaa yenyewe hatukuiona. Ilikuwa ni barabara tu inatujia na kuingia chini yetu. Hapakuwa na sauti ila mkono wa mashine ukizungushwa na maji yakidondoka kutoka kwenye bafta, to, to, to, yakiloweka sakafu. Mlima ulifuatwa na mlima. Tulikata kona, tukadhani tumefika, kumbe nyuma ya kona kuna mlima mwingine mkubwa kuliko ule wa kwanza, kichwa chake cheupe. Miti mirefu myeusi ilisimama imebanana. Tulipita daraja lisilo na mtu juu yake. Tulipita nyumba ya mbao, mlango wazi, hakuna aliyetoka kutazama. Mara chache sana ilitujia motokaa nyingine, ikapita kuliani kwetu kama zinavyopishana hapa, na kioo chake kilimeta hata usijue kama ndani mna dereva.

"Watu wake wako wapi?" mama mmoja akauliza gizani. Watoto walikuwa wameacha kulia, jambo ambalo si la kawaida kwa watoto wengi namna ile.

Kisha nikaona mtu. Mwanzoni alikuwa kama kijiti kilichochomekwa kando ya barabara, mbali, chini ya ule mlima. Kijiti kikakua, kikawa na kichwa, kikawa na mzigo begani. Alikuwa ametupa mgongo, anatembea kwenda kule kule tunakokwenda, na alikuwa anachechemea.

Akasikia motokaa. Akasogea pembeni, akatua mzigo, akageuka, akainua mguu mmoja, akauweka wayo wake juu ya goti la mguu wa pili, akasimama hivyo akitungoja tupite. Amerika nzima hakuna mtu anayesimama namna ile, naapa. Tukamkaribia. Alitutazama. Uso wake ulisogea kuelekea ukingo wa nguo, ukavuka mshono wangu, ukapinda kidogo pale kwenye uzi, ukatoweka.

Mama mkwe alikuwa amenishika kiganja. Alinishika kwa nguvu hata nikahisi mifupa.

Hapo hapo picha ikakatika. Nguo ikawa nyeupe tupu, ikaonekana mishono yangu miwili na maji yakitiririka. Wanaume wakapiga kelele upande wao. Mama mkwe akaniachia, akasema, "Natoka kutema tambuu," akapapasa akatoka kwa mlango wa uchochoroni. Fundi wa mashine akaunganisha mahali palipokatika, akarudisha nyuma, na barabara ikaanza tena kwenye lile daraja.

Safari hii sikutazama milima. Nilingoja kijiti. Kilipotokea nilikodolea miguu yake peke yake, roho mkononi. Alichechemea mguu wa kushoto. Aliposimama aliinua mguu wa kushoto, akasimamia wa kulia. Uso ulikuwa uso wa mume wangu, mabega ni yake, kusimama ni kwake, na mguu haukuwa wake. Nilitaka kulia kwa kuwa si yeye, na papo hapo nilishukuru kwa kuwa si yeye.

Mama mkwe alirudi akaketi. Mwanga wa nguo ulimpiga usoni, nikaona shavu lake bado limejaa tambuu kama alivyotoka.

"Umeona mguu?" akaninong'oneza.

"Nimeona, mama. Wa kushoto."

Akageuza uso kwenye nguo. Barabara ilikuwa bado inakuja.

"Basi si yeye," akasema. "Mwanangu mguu wake ni wa kulia. Inuka twende."

Hatukuingoja picha ya kuchekesha. Asubuhi yake, bila kubembelezwa na mtu, alivaa buibui akaniambia nimfuate kwa kadhi. Kadhi alimwuliza kama ameridhika kwamba mwanawe amekufa. Mama mkwe alisema, "Kwangu mimi amekufa." Kadhi akamtazama, akageuka kunitazama mimi. Nikasema nami nimeridhika, na sikusema uongo. Mtu aliyefanana na mume wangu alikuwa amenithibitishia kwamba siye.

Nikakaa eda. Siku zile za kufungiwa chumbani barabara ile ilikuja nami. Nikifumba macho ilianza, kona baada ya kona, nyeupe na kimya, na nikiamka niliuona ujia wa nyumba umerefuka mpaka uani. Niliwaambia wanawake waliokuja kunipa pole, wakasema ni uchungu. Mama mkwe alisema nipunguze kula usiku.

Eda ilipokwisha nikaolewa na fundi, tukapanga Gerezani, si mbali. Alikuwa mume mwema, mikono yake inanuka mafuta ya mitambo hata siku ya Idi. Tukapata mtoto wa kike. Mama mkwe sikumwacha. Nilimwita mama hivyo hivyo, na yeye alimfanya mwanangu mjukuu wake. Kila mwaka alimsomea mwanawe hitima, akachinja mbuzi akijaliwa, au kuku, akapika pilau kwa mkono wake. Wasomaji walikula, majirani walikula, mimi nilikula, na mama hakutia mdomoni hata punje. Nikimbembeleza husema tumbo halijakaa sawa. Nilidhani ni uzito wa msiba, na nilimheshimu kwa hilo.

Miaka ikaenda. Jioni moja mume wangu tuko naye uani tunakula bagia, akanisimulia motokaa aliyoletewa kutengeneza. Imetoka Amerika moja kwa moja, usukani wake uko kushoto.

"Kwa nini kushoto?" nikamwuliza, kwa kumridhisha tu.

"Wenzetu wale hushika kulia njiani. Kila kitu chao kinyume na Mwingereza."

"Wanashika kushoto kama sisi," nikasema. "Barabara yao nimeiona mimi kwa macho yangu. Zinapishana kama hapa."

"Umeiona wapi?"

"Sinema, Mchafukoge. Kabla hujanioa."

Akacheka mpaka akapaliwa. "Nyie si mlikuwa mnakaa nyuma ya nguo?" Akachukua karatasi ya bagia, imelowa mafuta hata inapitisha mwanga, akachora juu yake kwa kipande cha mkaa motokaa na mtu kando yake. Akainua karatasi kwenye taa, akanionyesha, kisha akaigeuza. Mtu akahamia upande wa pili. "Mliona mgongo wa picha, mke wangu. Kulia kwenu ni kushoto kwetu."

Aliitupa karatasi akaendelea kula. Mimi nilibaki nimeshika bagia yangu mkononi. Maandishi yaliyokwenda kama ya chuoni kwetu. Motokaa zilizopita kuliani. Mimi mshona nguo, niliyeshika bafta ile kwa mikono yangu na kuikunjia mishono upande wa ndani, mimi sikuwaza kwamba nguo ina mbele na nyuma.

Kesho yake mchana nilimpeleka mtoto kwa jirani, nikaenda Kariakoo. Mama alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na jua hili?"

Nikamweleza habari ya karatasi ya bagia. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia, kulia na kushoto, na yeye hakuacha kukuna. Nilipofika kwenye mguu nikamwona hashangai. Hapo ndipo nilipokumbuka lile shavu lililojaa.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilitoka kutema tambuu. Mlango wa wanaume walikuwa wameufungua kidogo, kwa joto. Nikachungulia. Nikaona zile motokaa zao zinapita upande mwingine, na yeye huyo anachechemea mguu wake wa kulia, ule niliouuguza mimi." Akageuza kifuu mkononi. "Tambuu nikaisahau."

"Na bado ukaniambia si yeye?"

"Nilikuuliza umeona nini, ukanijibu."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Aliniacha nimalize, kama alivyokuwa akimwacha mjomba.

"Wewe ulitazama mguu," akasema. "Mimi nilimtazama mtu mzima. Ana koti, ana viatu, mashavu yamejaa. Barabara imekwisha kujengwa, na yule baharia alisema barafu ilianguka barabara ikiwa bado inachimbwa. Basi barafu haikumpata. Angekuwa mgonjwa ningekwambia umngoje. Angekuwa kifungoni ningekwambia umngoje, na mimi ningengoja nawe mpaka tuzikwe. Lakini ni mzima, anatembea, njia ndefu vile imenyooka mbele yake, na miaka yote ile hata salamu. Alikuwa anakwenda, mwanangu. Hakuwa anakuja."

"Na ndoa yangu? Na mtoto?"

"Kadhi aliniuliza mimi. Wewe ulisema ulichokiona. Siku ya kuulizwa nitaulizwa mimi."

Akachukua kifuu kingine. Nikamtazama mikono, imekonda, na hasira ikaniishia mahali nisipopajua. Mimi nilipewa mume mwingine. Yeye hakuna aliyempa mwana mwingine, na huyo mmoja aliyekuwa naye alimzika yu hai, kwa hiari yake, ili mimi niwe huru.

Barabara ilinirudia baada ya siku ile, ila sasa imegeuka. Miti iliyokuwa kushoto ilikuwa kulia, na daraja lilipinda upande wa pili. Mtu wangu alisimama pale pale chini ya mlima kwa mguu wake mzima, akingoja motokaa ipite ili aendelee. Mume wangu sikumwambia, wala mjomba, wala kadhi. Nilimlea mtoto, nikashona kofia.

Mwaka ule hitima ilisomwa kama kawaida. Wasomaji walijaa ukumbini, wakamtaja marehemu, wakamwombea nuru katika kaburi lake na wasaa pale alipolala. Kisha wakala, wakashukuru. Mama alinipakulia sahani yangu, akajipakulia na yake, tukaketi kwenye mkeka mmoja uani. Nilichukua tonge, nikalirudisha. Pilau ikapoa mbele yetu sote wawili.